Terry Fox: Kijana Aliyehemea kwa Mguu Mmoja

Wazee wetu walikuwa na neno lao, kuhemea. Mvua ikikata mwezi wa pili na uwele ukanyauka kabla haujatoa masuke, hawakukaa chini ya mbuyu kusubiri. Walitoa mbuzi zizini, wakafunga magunia matupu juu ya punda, wakashika njia kwenda kule walikosikia kuna nafaka. Ilikuwa safari ya siku nyingi kwenda na nyingine nyingi kurudi. Katika njaa kubwa ya Mtunya, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, wako waliokwenda kuhemea wasirudi, na wako waliorudi wakakuta kaya imekwisha. Aliyehemea hakuhemea kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Kaya nzima ilikuwa imekaa mlangoni ikiitazama njia.

Tumeanza na neno hilo kwa sababu ya mjadala uliotawala vikao vya mwaka huu. Kama wanachama wanavyojua, jengo la mama na mtoto kwenye zahanati yetu limesimama kwenye lenta. Kamati imeamua kwamba safari hii, pamoja na bahasha za michango za kila mwaka, tufanye matembezi ya hisani: kilomita 42 kwa siku mbili, kila mtembeaji akiwa na fomu yake ya ahadi. Baadhi yetu waliuliza, na swali lao ni la haki, kwamba kutembea kunasaidia nini. Mwenye elfu hamsini aitoe, mwenye elfu tano aitoe, tununue mabati, ya nini kutoka jasho barabarani kama vile jasho linapaua nyumba?

Wengine walikuwa na neno zito zaidi, ingawa hawakulisema kwa sauti. Watu wa kwetu tunajua uchungu wa kutaniwa mijini kuwa sisi ni ombaomba. Ukisema unatoka Dodoma, hasa Dar es Salaam, mtu anacheka na kujifanya anakutupia sarafu. Mtu aliyeonja utani huo hapendi kuonekana barabarani na fomu mkononi akiomba.

Kwa hiyo badala ya kuwajibu kwa hoja tumeona tuandike maisha ya kijana mmoja wa mbali, aliyekufa mwaka 1981 akiwa hajatimiza miaka 23. Sisi tunaokaa na vitabu vya hesabu tumemchagua kwa sababu ya hesabu zake. Wengine watampenda kwa sababu nyingine.

Terrance Stanley Fox alizaliwa tarehe 28 Julai 1958 mjini Winnipeg, katika nyanda tambarare za Kanada. Walimwita Terry. Baba yake, Rolland, alikuwa mfanyakazi wa reli, kazi yake kupanga njia na mabehewa stesheni. Waliokulia jirani na stesheni ya Dodoma wanaijua kazi hiyo na aina ya nyumba inayolelewa nayo: mshahara mdogo lakini wa uhakika, saa ya ukutani isiyochelewa, na watoto wanaofundishwa kwamba kazi ikianzwa inamalizwa. Walikuwa watoto wanne, Terry wa pili. Alipokuwa bado mdogo familia ilihamia magharibi kabisa mwa nchi, mwishowe ikatulia Port Coquitlam, karibu na Vancouver.

Hakuwa mwanariadha wa kuzaliwa, na jambo hili tunalikazia. Alipenda mpira wa kikapu, mchezo wa warefu, naye alikuwa mfupi. Mwalimu wake wa michezo alimshauri ajaribu mbio za nyika. Terry hakuzipenda hata kidogo, akakimbia kwa heshima ya mwalimu, ila kikapu hakukiacha. Katika msimu wake wa kwanza na timu ya shule aliingia uwanjani kwa takribani dakika moja tu, msimu mzima. Mtoto mwingine angehamia mchezo mwingine. Yeye alikwenda kufanya mazoezi kila siku pamoja na rafiki yake Doug Alward, mpaka akapata namba, na walipomaliza sekondari wawili hao waligawana tuzo ya mwanamichezo bora wa shule. Mlishike jina la Doug, tutakutana naye barabarani.

Aliingia Chuo Kikuu cha Simon Fraser kusomea elimu ya mwili na mwendo, akitaka kuwa mwalimu wa michezo. Tarehe 12 Novemba 1976, akirudi nyumbani, gari lake liligonga gari lingine kwa nyuma. Alitoka mzima, ila goti la kulia liliuma. Maumivu yalikuja na kuondoka, naye akayanyamazia mpaka msimu wa kikapu uishe. Machi 1977 yalimzidi, akaenda hospitali. Madaktari wakakuta saratani ya mfupa. Alikuwa na miaka 18, na mguu wake wa kulia ulikatwa kama sentimita 15 juu ya goti.

Usiku wa kuamkia upasuaji, mwalimu wake wa zamani wa kikapu alimletea gazeti lenye habari za Dick Traum, Mmarekani aliyekatwa mguu na akamaliza mbio ndefu za New York mwaka 1976. Hizo ni mbio zile zile ambazo mwaka 1989 Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alizishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, tukasikia jina la kwetu likitajwa dunia nzima. Traum hakushinda kitu, alifika tu. Lakini habari hiyo ilimwingia Terry, akalala nayo.

Baada ya kukatwa mguu alitibiwa kwa dawa kali za saratani kwa miezi 16. Nywele zilikatika, alitapika, alikaa wodini na watoto na vijana waliokuwa wakipungua mmoja mmoja. Humo ndimo lilimozaliwa jambo lake. Madaktari walimweleza kwamba nafasi yake ya kupona ilikuwa nusu kwa nusu, wakati miaka miwili tu kabla yake ingekuwa 15 kwa mia. Kilicholeta tofauti hiyo ni utafiti, na utafiti ni fedha. Kijana alitoka pale akijiona ana deni. Uhai wake, kama angeupata, ulikuwa umelipiwa na watu asiowajua.

Hapo tunasimama kidogo, maana ndipo penye jibu la kwanza la swali la ombaomba. Ombaomba anaomba kwa sababu ya shida yake. Terry hakuwahi kusimama mbele ya watu kuonyesha mguu uliokatwa ili yeye asaidiwe. Alikwenda kuchangisha kwa ajili ya waliobaki wodini. Ndivyo ilivyokuwa kwa anayehemea: gunia lake lilikuwa na midomo mingine nyuma yake.

Rick Hansen, aliyekuwa na ulemavu wa miguu, alimwita kwenye timu ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Terry akajifunza mchezo upya kwa mikono, na timu ikatwaa ubingwa wa taifa mara tatu. Rick huyohuyo, miaka kadhaa baadaye, aliizunguka dunia kwa kiti chake cha magurudumu, zaidi ya kilomita 40,000 katika nchi 34, akichangia utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo. Ila hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mwaka 1979 Terry alianza kukimbia. Mguu wa bandia wa siku hizo ulitengenezwa kwa kutembea, hata haukufikiriwa kwa kukimbia. Kila hatua ilimlazimu aruke mara mbili kwa mguu mzima ili chemchemi ya ule wa bandia ipate nafasi ya kurudi mahali pake. Waliomwona wanausahau uso wake kabla ya kuusahau mwendo ule wa hatua na kuruka. Kigutu kilichubuka, kikatoka malengelenge, kikavuja damu. Aliongeza umbali kidogo kidogo, akaandika kila siku amekimbia kiasi gani, na kwa zaidi ya mwaka wa mazoezi alikimbia zaidi ya kilomita 5,000. Nyumbani alisema anajiandaa kwa mbio za kawaida. Mwaka huohuo alikwenda Prince George kushindana katika mbio za kilomita 27. Alikuwa wa mwisho kabisa, dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia, na watu wakamlaki kwa machozi na makofi. Hapo akafichua nia yake: anataka kuikata Kanada kwa mbio kutoka bahari hadi bahari, zaidi ya kilomita 8,000, akichangia utafiti wa saratani. Mama yake, Betty, alikasirika, kama mama yeyote angekasirika. Baadaye akawa nguzo yake.

Oktoba 1979 aliandikia Chama cha Saratani cha Kanada barua ya kuomba waipokee fedha atakayokusanya. Wenye chama walikuwa na mashaka. Walimwambia atafute kwanza wafadhili wake mwenyewe na cheti cha daktari. Cheti kilikuwa na tatizo, kwa kuwa vipimo vilionyesha moyo uliopanuka upande mmoja. Madaktari walimweleza hatari, lakini mwisho wakamruhusu. Kwa wafadhili, Ford walitoa gari la kulala ndani, Imperial Oil wakatoa mafuta, Adidas wakatoa viatu. Kampuni yoyote iliyotaka atangaze bidhaa zake aliikataa, na mchango uliokuja na masharti aliurudisha. Hakutaka mtu yeyote apate faida kwa mbio zile, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Wajumbe waliokuwepo kwenye kikao cha kamati wataona kwa nini mstari huo umetugusa. Kampuni moja ilijitolea kulipia fulana zote za matembezi yetu, mradi jina lake lichukue kifua chote na jina la zahanati liende mgongoni kwa herufi ndogo. Tulijadili mpaka taa zikazimwa. Uamuzi mnaujua: fulana tutanunua wenyewe, nyeupe, za bei nafuu.

Tarehe 12 Aprili 1980, huko St. John's, kisiwani Newfoundland, Terry alichovya mguu wake wa bandia katika maji ya Bahari ya Atlantiki, akajaza chupa mbili za maji hayo. Moja ilikuwa ya kuweka kumbukumbu, nyingine ya kumwaga katika Bahari ya Pasifiki siku atakapofika. Kisha akaanza. Doug Alward aliendesha gari, alipika, na alisubiri mbele baada ya kila kipande cha barabara na maji ya kunywa. Siku za kwanza kulikuwa na upepo mkali, mvua na hata dhoruba ya theluji. Magari yalipita bila kupunguza mwendo. Makopo ya michango yalikuwa mepesi.

Kisha wakafika Port aux Basques, mji mdogo wa watu 10,000 kwenye ncha ya kisiwa. Wenyeji walikuwa wamejikusanya, wakamkabidhi zaidi ya dola 10,000. Kwa wengine hiyo ni habari ya ukarimu. Kwa mhasibu ni fomula. Watu 10,000, dola 10,000: dola moja kwa kichwa. Terry alipoanza alikuwa akiwaza dola milioni moja, kisha kumi, na sasa akapata hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi angeielewa. Kanada ilikuwa na watu milioni 24, basi atatafuta dola milioni 24. Anayeombwa dola moja hawezi kusema ni nyingi, na hawezi kusema ni kazi ya matajiri. Hata fomu zetu za ahadi tumezipanga kwa kilomita, na kiwango cha chini ni shilingi mia kwa kilomita moja, ili hata muuza karanga wa stendi aweze kuweka jina lake.

Barabarani alianza kabla ya alfajiri. Shabaha yake ilikuwa kilomita 42 kwa siku, umbali wa mbio kamili za marathoni, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Sisi tutatembea umbali huohuo kwa siku mbili, tukiwa na miguu yote miwili na vituo vya uji.

Tusimfanye malaika. Alikuwa na hasira za karibu, mkaidi, na mwenye maneno makali kwa waliomsaidia. Yeye na Doug walifika mahali wakawa hawasemezani, watu wawili ndani ya gari moja dogo linalonuka jasho, mmoja akikimbia na mwingine akimfuata kimya. Ilibidi mdogo wake Darrell, mwenye miaka 17, aje awe katikati yao. Alifanya hivyo, na kicheko kikarudi. Yeyote aliyewahi kuwa katibu wa kamati ya harambee anajua kwamba kazi ya Darrell si ndogo.

Jimbo la Quebec lilikuwa jangwa. Watu wa huko wengi wanazungumza Kifaransa, habari zake hazikuwa zimewafikia, na madereva walimsukuma nje ya barabara. Alipoingia Montreal tarehe 22 Juni alikuwa amemaliza theluthi ya safari na mfukoni mwa mradi kulikuwa na dola 200,000 na ushei. Ukizipanga hesabu hizo kwenye daftari, mradi ulikuwa umeshindwa. Theluthi ya safari, na haijafikia hata moja kwa mia ya lengo.

Kilichobadilisha mambo kilitokana na mfiwa. Isadore Sharp, mwenye hoteli za Four Seasons, alikuwa amempoteza mwanawe kwa saratani. Aliposikia habari za Terry alimpa chakula na malazi kwenye hoteli zake, akaahidi dola mbili kwa kila maili atakayokimbia, na akazishawishi kampuni nyingine karibu elfu moja zifanye vivyo hivyo. Ahadi ya kwa maili ni ahadi yenye akili. Inamfunga mtoaji na mkimbiaji kwa kamba moja: huyu akisimama, na yule anasimama.

Jimbo la Ontario lilimpokea kama bwana harusi. Siku ya Kanada, Julai mosi, alikuwa Ottawa, akapokelewa na Waziri Mkuu Pierre Trudeau. Toronto watu 10,000 walijaa uwanjani mbele ya ukumbi wa jiji, na siku hiyo peke yake ilikadiriwa kuingiza dola 100,000. Watoto na wazee walimsubiri kandokando ya barabara. Mtoto wa miaka 10 aliyekatwa mguu kwa saratani alimfuata kwa baiskeli, na Terry aliihesabu siku hiyo kuwa kubwa kuliko zote za safari.

Mwili nao ulikuwa ukidai chake. Muundi uliuma, goti likavimba, kigutu kikatoka uvimbe wa maji, akapata kizunguzungu. Hakutaka kupumzika, hata siku ya kutimiza miaka 22 alikimbia. Wako waliomlaumu, na sisi tunaona walikuwa na sababu. Daktari alitakiwa amwone mara kwa mara naye alikwepa. Katika matembezi yetu atakayechoka atapanda gari la huduma ya kwanza, na kilomita zake zitahesabiwa pale alipofikia.

Tarehe 1 Septemba 1980, nje kidogo ya Thunder Bay, alianza kukohoa, kifua kikabana. Watu walikuwa wamesimama kando ya barabara wakimpigia makofi na kumhimiza. Aliona aibu kusimama mbele yao. Akaendelea mpaka barabara ikawa tupu, ndipo akapanda garini na kumwomba Doug ampeleke hospitali. Kesho yake alitangaza, akilia, kwamba saratani imerudi, sasa imo mapafuni, na lazima arudi nyumbani. Alikuwa amekimbia siku 143, kilomita 5,373. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mara kumi na mbili hivi. Ukigawa, ni zaidi ya kilomita 37 kwa siku, ukiweka ndani na siku za theluji. Chupa ya Pasifiki haikumwagwa.

Sasa tazameni hesabu, maana hapa ndipo swali la kwa nini tutembee linapojibiwa. Siku aliposimama, mradi ulikuwa na dola milioni 1.7. Wiki moja baadaye kituo cha televisheni cha CTV kiliendesha harambee ya nchi nzima, na kwa saa tano zikaingia dola milioni 10.5. Milioni mbili kati ya hizo zilitoka kwa serikali za majimbo mawili, British Columbia na Ontario. Mtu anaweza kusema, basi televisheni ingetosha tangu mwanzo, saa tano zimeshinda siku 143. Lakini jiulizeni, mwezi Machi mwaka ule, kijana wa mguu mmoja angekaa studioni akaomba milioni kumi, nani angeinua simu? Zile saa tano zilivuna kilichopandwa siku 143. Kila aliyepiga simu alikuwa amemwona, au jirani yake alimwona, akiruka mara mbili kwa kila hatua saa kumi na moja ya asubuhi. Hakuhitaji kuulizwa kama fedha itafika. Mtu anayejitendea hivyo hawezi kula dola ya mgonjwa.

Fedha ziliendelea kuingia kipindi chote cha baridi. Mwanzoni mwa 1981 zilikuwa zimevuka dola milioni 23. Ile dola moja kwa kichwa, aliyoihesabu kule Port aux Basques, ilikuwa imepatikana akiwa kitandani.

Nchi yake ilimpa nishani ya Order of Canada katika daraja la juu, akawa kijana kuliko wote waliowahi kuipata. Alipewa dawa zaidi, akajaribiwa tiba mpya. Tarehe 28 Juni 1981, kabla ya mapambazuko, alifariki hospitalini New Westminster familia yake ikiwa pembeni. Bendera zilishushwa nusu mlingoti nchi nzima. Alizikwa Port Coquitlam, mji wa reli ya baba yake.

Kabla hajafa, Isadore Sharp alikuwa amempelekea hospitalini wazo la kufanya mbio za kila mwaka kwa jina lake. Terry alikubali kwa sharti kwamba yasiwe mashindano: hakuna mshindi, hakuna medali, mwenye kukimbia akimbie, mwenye kutembea atembee, mwenye kiti cha magurudumu asukumwe. Na pasiwe na biashara. Tarehe 13 Septemba 1981 watu 300,000 walijitokeza, zikapatikana dola milioni 3.5. Tangu hapo hazijakoma, zimeenea nchi nyingi, na jumla ya kilichokusanywa kwa jina lake imepita dola milioni 850, kazi yake ikiwa utafiti wa saratani. Mama yake Betty alizunguka mashuleni kwa miaka mingi, akilinda lile sharti la kutofanya biashara mpaka alipofariki mwaka 2011.

Kutembea kwa ajili ya jambo si kitu cha kigeni kwetu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na vijana wa kila mkoa wakamfuata kwa matembezi yao. Siku hizi hapa Dodoma mjini watu wanakimbia kila mwaka kuchangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na wengi wetu tumewahi kuwashangilia tukiwa na chai mkononi.

Kamati imeazima mambo matatu kutoka kwa kijana huyu na kuyaandika kwenye utaratibu wa matembezi. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila shilingi itaingia benki kwenye akaunti ya ujenzi siku hiyohiyo, na gharama za fulana, uji na gari la huduma ya kwanza zinalipwa na wajumbe wa kamati mifukoni mwao, si kutoka kwenye ahadi. Na taarifa ya mapato itabandikwa kwenye ukuta wa zahanati, chini ya ile lenta, ambapo hata bibi anayeleta mjukuu kliniki ataweza kumwomba mtu amsomee.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa nyuma. Walioko mbali, Mwanza, Arusha, Dar es Salaam au nje ya nchi, wanaweza kumchagua mtembeaji mmoja na kumlipia kwa kilomita. Orodha ya waliojiandikisha inapatikana kwa mweka hazina. Tutaondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijawa kali. Njooni na kofia, na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu.